Mshika Saa

Mara ya kwanza nilidhani ni hasira.
Tulikuwa tumegombana juu ya mbao za sauna.
Tyyne akapiga funda la kahawa bila kunitazama,
kisha akalala mezani
taratibu, shavu kwenye sahani ya siagi,
kama mtu aliyechoka kubishana nami.
Akainuka. "Nilikuwa nasema nini?"
Siagi ilikuwa imemganda kwenye nyusi.

Miaka thelathini na mmoja nilishika saa
kwenye mashindano ya kuteleza thelujini, Kemi.
Mimi nimestaafu, dole gumba halijastaafu.
Mara ya tatu, kwenye supu ya samaki,
nilibonyeza mfukoni kabla sijamwita jina.
Sijivunii.
Sekunde tisa.

Watu wakasema yao.
Dada yake, Lempi: damu imepungua.
Mchungaji: huzuni, haijatoka.
Jirani wa chini: anakula kwa pupa.
Na Tyyne, mpishi wa shule,
aliyeonja sufuria za watoto mia nne,
akaanza kukiogopa kijiko.
Akaiacha kahawa ipoe hadi iote utando.
Akatafuna kama anayehesabu deni.
Usiku alimeza mate,
nami gizani, macho makavu, nikasubiri pumzi ifuate.

Wanaosema chungu umeze, tamu uteme,
hawajaketi meza moja na mke wangu:
kwake chungu na tamu vilizima taa ileile.

Oulu, daktari kijana, Hirvasniemi,
soksi zimelowa theluji,
akambandika nyaya kifuani, akasema: "Sasa kula."
Nilikuwa na mkate mweusi wa nyumbani,
mgumu, wa juzi.
Mstari ukapanda kilima, kilima, kilima,
tonge likashuka,
mstari ukalala.

Bapa, kama ghuba mwezi wa Februari.
Sikuitazama saa ya ukutani.
Nne. Tano. Muuguzi amemshika mabega.
Sita. Kichwa chake kinatafuta pa kuegemea.
Saba na nusu:
kilima.

Kwenye mashindano, saba na nusu
ni mtu wa kwanza na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.

Alituchorea nyuma ya bahasha.
Kuna neva ishukayo kutoka kichwani,
hupita kooni, huugusa moyo, huendelea hadi tumboni,
kama tarishi mwenye njia ndefu.
Kwa wengi wetu kila mlango hupata barua yake.
Kwa Tyyne, habari za koo, kwamba tonge linapita,
hutumbukizwa mlango wa moyo,
na moyo husoma: tulia.
Ukatulia.

Nilicheka, mdomo ukitetemeka.
Miaka arobaini namwambia mwanamke huyu atulie!

Njiani kurudi sikuwasha redio.
Nilifikiria ile njia moja nyembamba
ipitayo uji, viazi, neno la mwisho,
na jinsi tunavyosema mtu amekabwa roho
tukimaanisha koo,
tukimaanisha pia ile nyingine.

Sasa ana kidude chini ya mtulinga,
kipana kama sarafu mbili, ngozi imekipandia.
Hakisemi kitu siku nzima.
Moyo ukichelewa kujibu, hubisha hodi,
hubisha tena,
hadi mwenyeji aamke.

Jumapili alimimina kahawa, ya moto, ikitoa moshi.
Akasikia mlio mfukoni mwangu.
"Iweke mezani, Urho."
Nikaiweka. Mshale ulikuwa unakimbia.
Akanitazama, akameza.
Tukangoja sote wawili kwa adabu,
kama walio nje ya mlango wa watu.

Kisha akasema,
"Zile mbao bado zimepinda."